Mkamata Nguruwe wa Tarbell

Wakili Orrin Pettengill alipokuwa hai alikuwa na maadui wengi hapa Tarbell, na karibu wote walikuwa wanaume waliooa. Kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Kila Machi, theluji ikianza kulainika na ndoo zikiwa zimeshatundikwa kwenye miti ya mepo kukinga utomvu wa kupikia sharubati, mji wetu wote huingia ukumbini kufanya mkutano. Tunabishana juu ya greda, tunabishana juu ya paa la shule, na kuna jamaa mmoja ambaye kila mwaka hubishana juu ya kubishana. Halafu, kabla ya chakula, tunamchagua Mkamata Nguruwe. Enzi za mababu, nguruwe walipokuwa wakizurura na kufukua viazi vya watu, hiyo ilikuwa kazi kweli. Siku hizi nguruwe wote wa Tarbell ni wa Wendell Quimby, wamefungiwa zizini, na wamenona kumzidi mwenyewe. Lakini cheo hatujakifuta. Anapewa mwanamume aliyeoa karibuni kuliko wote, asimame mbele ya watu, avishwe beji ya mbao yenye sura ya nguruwe, tumcheke, twende tukale.

Na aliyependekeza jina, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa Wakili. Watu walikuja mapema na chupa zao za kahawa wapate viti vya mbele kwa ajili hiyo tu. Alikuwa na sauti nzito ya mahakamani. Kila mara alivua miwani, akaifuta bila haraka, akamtazama bwana harusi kama anayemwonea huruma, kisha akamchinja. Mwaka wetu mimi na Clayton alisema, "Bwana Mwenyekiti, nawaletea Clayton Stickney. Mtu aliyemkimbiza Lorna Hadley mpaka kanisani, na bado ana vidole vyake vyote, nguruwe kwake ni mapumziko." Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni na bakuli la kachumbari ya kabichi mkononi, na ni Mungu tu aliyelizuia lile bakuli lisimrukie. Clayton naye alicheka, mjinga yule. Anacheka mpaka leo akikumbuka.

Nisije nikaonekana nasema hakuwa mtu wa maana. Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha mbao, baba yake akiwa mpasua magogo, akaenda vita ya Korea ndevu hazijamwota vizuri. Kule, kwenye mlima mmoja wenye theluji, aliwaburuta wenzake wawili waliojeruhiwa juu ya turubai mpaka chini huku risasi zikimfuata, na akapewa nishani ya Nyota ya Fedha. Hayo tuliyasoma gazetini. Yeye mwenyewe, watoto wa shule walipomwuliza vita ilikuwaje, aliwajibu, "Kulikuwa na baridi," kisha akauliza kama donati zimebaki. Medali aliitia kwenye kopo moja na ndoana zake. Mkewe, Lois, alikuwa akisema iko siku Tarbell itavuliwa samaki mwenye nishani.

Jeshi lilimlipia masomo ya sheria, na wenzake walipokimbilia Boston kutafuta utajiri yeye akarudi kwao, akafungua ofisi juu ya duka la vyuma. Kesi zake zilikuwa ugomvi wa mipaka, wosia, na vijana walioendesha trekta wakiwa wamelewa. Mara nyingine malipo yalikuja kwa njia ya kuni. Tukampeleka Bunge la Jimbo kule Concord, ambako wabunge wamejaa kama kuku na posho yao haitoshi kununua viatu. Huko alikaa miaka na miaka akipigania mswada mmoja, wa kupunguza chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, kwa kuwa ilikuwa inayatafuna magari ya watu wasio na uwezo wa kununua mengine. Kila mwaka mswada ulianguka. Kila mwaka aliuokota, akaupangusa, akaurudisha. Mimi nilimwambia achague mwingine. Akanijibu kwamba Clayton naye alikataliwa mara nyingi kabla sijamkubali.

Lois alikufa kwa saratani, na Wakili akawa kimya kwa muda mrefu. Alikwenda Concord, akarudi, akala mkate na jibini amesimama jikoni. Hotuba ya nguruwe peke yake ndiyo hakuiacha. Nadhani ndiyo iliyomweka hai.

Kisha akaja Filomena.

Filomena Arruda alikuwa mjane wa Kireno kutoka Fall River, mji wa viwanda huko kusini, aliyekuwa akiuza supu kwenye mkahawa wa chini ya jengo la Bunge. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, anacheka mpaka mabega yanaruka. Vuli moja, kufumba na kufumbua, tunamwona anaanika shuka kwenye kibaraza cha Wakili. Jumapili, nje ya kanisa, Wakili akamtambulisha huku akitazama mnara wa kengele.

"Huyu ni Bi Arruda. Mpangaji wangu, vyumba vya juu."

Mpangaji! Vyumba vya juu vya nyumba ile naijua mimi. Vimejaa mabomba ya jiko bovu na majarida ya sheria, hata panya anapita ubavu ubavu. Nilimtazama Filomena. Alikuwa akitazama viatu vyake, na mabega hayakuruka.

Tukamchukulia hivyohivyo, mpangaji, majira yote ya baridi. Watu wa hapa hawaingilii mambo ya mtu mbele ya mtu huyo. Mpaka juma la mkutano, tulipokuwa jikoni kanisani kuchambua maharage. Chakula cha mkutano ni changu, kimekuwa changu tangu mama yangu aache: maharage ya kuoka kwa nyama ya chumvi na molasi, mkate mweusi, pai za tofaa. Filomena alikuja kusaidia, tukawa wawili tu. Nikaona nafasi.

"Bi Arruda, hebu niambie. Kodi ya vile vyumba vya juu ni kiasi gani? Nina mpwa wangu anatafuta pa kukaa."

Akaweka bakuli chini.

"Lorna, mimi si mpangaji. Mimi ni mke wake. Tulifunga ndoa Septemba, nyumbani kwa dada yangu, padri akiwepo na keki ikiwepo."

"Nilijua!"

"Hukujua."

"Basi nilinusa."

Hakucheka. Nikaona macho yake yamejaa, nikaona haya.

"Aliniambia tungoje kidogo," akasema. "Tungoje uchaguzi upite. Ukapita. Tungoje Krismasi. Ikapita, nimekaa kanisani benchi la nyuma kama mtu aliyekuja kujikinga na mvua. Sasa anasema tungoje mkutano wa mji upite. Nikamwuliza, Orrin, unaogopa nini? Anasema nguruwe. Nguruwe, Lorna! Mimi nimeolewa na mwanamume au na soseji?"

Ikabidi nimweleze habari ya Mkamata Nguruwe yote, na hotuba, na wanaume waliochinjwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya maharage.

"Kwa hiyo ili wasimcheke robo saa, mimi niwe mpangaji mpaka nife?"

Nikaendelea kuchambua maharage.

"Nimeshamwambia. Mkutano wa Jumanne ukiisha hajatamka kwa mdomo wake mbele ya watu kwamba mimi ni mkewe, naondoka. Nakwenda kwa dada yangu na sirudi. Sanduku liko kwenye buti la gari tangu jana. Na wewe usimwambie mtu hata mmoja. Sitaki atajwe. Nataka ataje."

Wanaonijua wanaweza kupima adhabu aliyonipa mwanamke yule. Clayton aliniuliza kama naumwa koo. Lakini Filomena alinikataza kuwaambia watu, hakunikataza kumwambia Wakili mwenyewe yale anayoyajua. Kesho yake nikapanda ngazi za duka la vyuma.

Nilimkuta mezani, miguu juu ya droo.

"Wakili, mwaka huu wa nguruwe ni nani?"

"Dale, mpwa wake Wendell. Alioa Juni."

"Mimi nilidhani cheo ni cha aliyeoa mwisho."

Akavua miwani, akaanza kuifuta. Safari hii hakunitazama.

"Amekwambia."

"Ameniambia. Hivi wewe si ndiye uliyeshuka mlima na risasi zinakufuata?"

"Lorna, wale wa kule mlimani walikuwa hawanijui. Hawa wa hapa wananijua. Nimewachinja mmoja mmoja, miaka nenda rudi, mbele ya wakwe zao. Unafikiri Clayton hajaningoja?"

"Clayton hajui hata leo ni siku gani."

"Wendell anajua."

Hapo alisema kweli. Wendell, mwaka wake, aliambiwa mbele ya mama mkwe wake kwamba hakuna haja ya kumpigia kura, nguruwe wenyewe wameshamchagua. Tangu siku ile, kila alipokutana na Wakili barabarani, alimwamkia kwa nyusi tu.

Wakili akavaa miwani. "Halafu kuna Lois. Lois ni binti wa hapa. Nusu ya mji huu ni ndugu zake. Nikisimama pale nichekwe kama kijana aliyepata mchumba, watasema nimemsahau."

Hapo damu ikanichemka.

"Lois alikuwa rafiki yangu, sawa? Lois angekaa kiti cha mbele kabisa, na angekuja na kahawa. Usimsingizie marehemu woga wako."

Akageukia dirisha. Nje gari la kuondoa theluji lilikuwa likimwaga chumvi yake.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Sanduku liko kwenye buti." Nikashuka ngazi.

Jumanne ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia radiata za kupashia ukumbi joto. Mwenyekiti alikuwa Bwana Frye, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu asiyecheka mpaka apewe sababu mbili. Greda ikapita. Paa la shule likapita kwa taabu. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, na pembeni yangu Filomena alikuwa akikata mkate. Alikuwa amevaa koti. Jiko limewaka, maharage yanatokota, jasho linamtoka, na koti hakulivua. Funguo za gari alikuwa amezitia mfukoni. Nilizisikia kila alipoinama.

"Cheo cha Mkamata Nguruwe," akasema Bwana Frye. "Mapendekezo?"

Wakili akasimama. Ukumbi ukaanza kuchekelea kabla hajafungua kinywa. Dale, bwana harusi wa Juni, akajificha nyuma ya bega la mkewe. Wakili akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

"Bwana Mwenyekiti, kabla ya jina, naomba ufafanuzi. Je, ni lazima ndoa iwe imefungwa ndani ya mipaka ya mji?"

"Si lazima."

"Na ndoa iliyofungwa nje ya jimbo?"

"Wakili, ndoa ni ndoa."

"Na kama habari zake hazijatangazwa rasmi..."

"Kwa nini unauliza?" Wendell akapaza sauti kutoka nyuma.

Wakili akatazama nyuma, akatazama miwani yake. "Nilitaka tu kujua," akasema. "Nampendekeza Dale Quimby." Akakaa.

Hivyo tu. Bila hotuba. Watu wakatazamana. Filomena aliweka kisu juu ya ubao taratibu, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaanza kutembea kuelekea mlango wa nyuma. Hakuniaga. Nilitaka kupiga kelele, na ahadi ikanikaba.

"Nani anaunga mkono?" akauliza Bwana Frye.

"Pingamizi!"

Alikuwa Wakili. Alisimama kwa ghafla mpaka kiti chake kikaanguka. Filomena alikuwa ameshika kitasa.

"Unapinga pendekezo lako mwenyewe?" akauliza Bwana Frye.

"Napinga. Mgombea hana sifa. Kuna mwanamume ukumbini humu aliyeoa baada yake."

"Nani?"

"Mimi."

Maharage yalisikika yakitokota. Kisha Bi Almira, ambaye ni mkongwe na masikio yake yanasikia anayoyataka, akauliza kwa sauti, "Amemwoa nani? Yule mpangaji?"

"Ndiyo, Bi Almira, yule mnayemwita mpangaji," Wakili akasema, "na mnamwita hivyo kwa sababu mimi niliwadanganya. Anaitwa Filomena. Nilimwoa Septemba. Mlinifanya shujaa kwa jambo la mlimani, nami nikawaacha mseme. Kule sikuogopa kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikuwa na akili ya kuogopa. Hapa nimeogopa. Niliwaogopa nyie, mtacheka. Nimemkalisha mke wangu benchi la nyuma kwa ajili ya kicheko. Naona aibu. Basi, Bwana Mwenyekiti, naondoa jina la Dale, naweka la Orrin Pettengill."

Bwana Frye akafuta jina, akaandika jingine. "Nani anaunga mkono?"

"Naunga mkono," akasema Wendell Quimby, amesimama.

"Ahsante. Mmoja anatosha."

"Na mimi naunga mkono." Clayton wangu huyo!

"Nimesema mmoja anatosha."

Lakini viti vilikuwa vimeshaanza kukwaruza sakafu. Akasimama mwenye duka la vyuma, akasimama dereva wa greda, wakasimama mababu waliochinjwa zamani hata wake zao wameshazikwa, mmoja ananyanyuliwa na mjukuu wake, kila mmoja na sauti yake: naunga mkono, naunga mkono, na mimi. Dale alipanda juu ya kiti. Wakili alisimama katikati yao, uso umemwiva, hajui pa kutazama.

Bwana Frye aligonga meza. Kwa desturi, kabla ya kura, mke akiwa mkazi huulizwa kama anakubali kuuazima mji mume wake. "Bi Arruda," akasema. "Samahani. Bi Pettengill. Wewe ni mkazi wa Tarbell?"

Mkono wa Filomena ulikuwa bado kwenye kitasa. "Mwulizeni yeye."

"Anakaa kwangu," akasema Wakili.

"Kama mpangaji?" Wendell huyo.

"Kama mwenye nyumba. Mpangaji ni mimi."

Filomena akakiachia kitasa. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika nyuma ya mlango.

"Mchukueni," akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Ila mnirudishie ameoga."

Nguruwe wa Wendell walikisikia kile kicheko, nina hakika. Kura ikapita. Na Wendell ndiye aliyepewa heshima ya kumvisha beji na kutoa hotuba, kwa kuwa hakuna aliyestahili zaidi. Alitembea mpaka mbele, akamgeukia Wakili, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Nilikuwa nayo," akasema, kama mtu aliyeibiwa. "Miaka yote hii nimekuwa naitunga kila ninapolisha. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa nzuri. Imenitoka."

"Usiwe na haraka, bwana," Wakili akamwambia.

"Basi niseme tu, nguruwe nawapa pole." Akambandika beji kifuani, na wakapeana mikono.

Mwezi wa tano jike mmoja wa Wendell alitoka zizini. Wendell anaapa lango lilikuwa limeoza. Wakili aliitwa kutoka Concord, akaja na suti yake, na mji mzima ukatoka kumtazama akimkimbiza jike yule kwenye bustani ya mchungaji. Filomena alikuwa upande wa nguruwe. Beji ile Wakili aliivaa hata bungeni, yeye ambaye Nyota ya Fedha ilikuwa inalala na ndoana. Wakimwuliza ni nishani ya nini, alijibu, "Ya ushujaa." Kabla hajastaafu, mswada wa chumvi ulipita, nami sina ushahidi kwamba beji ilichangia.

Alifariki mwaka jana, usingizini. Wanajeshi walikuja wakakunja bendera vizuri, wakampa Filomena, na mtu kutoka Concord akasoma vyeo. Baada ya matanga dada yake Filomena alikuja na gari kutoka Fall River kumchukua. Filomena akampa supu, akampa pai, akamrudisha.

Mkutano wa Machi mwaka huu alisimama yeye mwenyewe. Kamati ya makaburi ilikuwa imemkatalia maandishi ya jiwe, ikisema makaburi si mahali pa mzaha, kwa hiyo aliyaleta kwa mji. Jiwe lina majina matatu: Lois kulia, Orrin katikati, na kushoto Filomena, tarehe ya mwisho haijachongwa. Chini ya jina la Orrin aliomba yaandikwe: Wakili. Mbunge. Nyota ya Fedha, Korea. Mkamata Nguruwe.

Bwana Frye aliuliza nani anaunga mkono. Wendell ndiye aliyeanza kuinuka, safari hii kwa msaada wa fimbo. Halafu nikavisikia viti vikikwaruza sakafu, safu kwa safu, Clayton akiwa miongoni mwao, analia na kucheka kwa pamoja. Filomena alirudi jikoni kwangu kabla hawajamaliza kusimama, akachukua kisu, akaendelea kukata mkate. Koti lake lilikuwa nyuma ya mlango, pale linapotundikwa siku zote.